Maswali ya wasomaji: Mwamba wa matumbawe kwenye tangi la lita 20

Safari hii karibu barua zote zinauliza juu ya kitu kimoja: tangi dogo la maji ya bahari, la kukaa juu ya meza, lenye matumbawe hai. Maswali yanayofanana tumeyaunganisha, na marefu tumeyafupisha.

Mezani kwangu kuna nafasi ya sentimita 40 tu. Naweza kuanza na tangi la lita 5? Na ninunue vifaa gani?
*Msomaji wa Kinondoni, Dar es Salaam*

Wapo wanaofuga matumbawe kwenye chombo cha kioo chenye ukubwa wa jagi, na yanastawi. Ila si pa kuanzia. Maji yakiwa machache, kila kosa linaonekana upesi: chakula kilichozidi, feni iliyosahauliwa, siku moja ya kutojazia maji. Kwa nafasi yako, agiza tangi la kioo la sentimita 30 kila upande, kioo cha milimita 5 au 6. Ukilijaza hadi sentimita 3 kutoka ukingoni, ukatoa nafasi ya mchanga na mawe, unabaki na maji halisi kama lita 20. Jumla ya uzito ni zaidi ya kilo 30, kwa hiyo meza ya plastiki haifai. Weka karatasi ya povu chini ya tangi ili kioo kisikalie kokoto au msumari, na uliweke mbali na dirisha. Jua la moja kwa moja hupasha maji na kulisha mwani.

Vifaa vyenyewe ni hivi. Kichujio cha kuning'inia nyuma ya tangi, chenye pampu ya lita 300 hadi 400 kwa saa, ili maji yote yazunguke mara 15 hadi 20 kwa saa. Taa ya LED iliyotengenezwa kwa matumbawe, yenye mwanga mweupe na wa bluu, wati 20 hadi 30, pamoja na taima. Kipimajoto. Rifraktomita ya kupimia chumvi, na kichupa cha maji ya kuisahihishia yaliyoandikwa 35, yaani gramu 35 za chumvi kwa kilo ya maji. Vipimo vya amonia, nitriti, nitrati, fosfeti na alkalini (uwezo wa maji kuhimili asidi). Mchanga wa aragonaiti, yaani wa chokaa ya baharini, wa punje za milimita 1 hadi 2, kilo 3 na nusu, unaotoa tabaka la sentimita 2 na nusu. Mawe makavu yenye vinyweleo, kilo 2 hadi 2 na nusu. Mpira mwembamba wa kunyonyea maji, ndoo mbili zisizowahi kuona sabuni, na feni ndogo.

Kile chombo cha kutoa povu ambacho wauzaji husema ni lazima, tangi hili halikihitaji. Kubadilisha lita 2 hadi 3 za maji kila wiki kunafanya kazi ile ile kwa gharama ndogo. Fedha hiyo iongeze kwenye taa na rifraktomita. Kipimo cha chumvi cha plastiki chenye mshale ni rahisi kununua, lakini kiputo kimoja cha hewa kikishika kwenye mshale, kinakudanganya.

Kwenye kichujio, toa vile vitu vya kauri vinavyokuja ndani yake. Weka pamba ya kuchujia ya kubadilishwa kila baada ya siku tatu, na vijiko viwili vya mezani vya mkaa maalumu wa akwariamu wa kubadilishwa kila mwezi. Mkaa wa jikoni haufai hata ukiosha mara kumi: unatoa majivu na haunyonyi kama ule.

Nakaa dakika tano kutoka baharini. Kwa nini ninunue chumvi ya pakiti wakati bahari iko pale?
*Msomaji wa Nyali, Mombasa*

Usinunue. Maji ya bahari yana kila kitu matumbawe yanachohitaji, kwa uwiano wake. Tatizo ni pahali na wakati wa kuchota. Maji yanayopwa yanarudi na kila kilichotoka kwenye mifereji ya mji. Yasubiri yajae, afadhali wakati wa bamvua, uchote yakiwa yanakaribia ukomo wake. Bora zaidi ni kumpa madumu mawili mvuvi anayetoka nje ya mwamba, yawe madumu yasiyowahi kubeba mafuta ya aina yoyote. Epuka Kilindini, mkono wa Tudor na midomo ya mito. Msomaji wa Dar aepuke bandarini na Msimbazi.

Masika nayo yana mambo yake. Maji ya mvua ni mepesi kuliko ya bahari, kwa hiyo hukaa juu kama tabaka, na anayechota kwa ndoo anachota tabaka hilo. Usishangae kupima 30 au chini ya hapo pale ambapo mwezi wa Januari ulipima 35. Baada ya mvua kubwa ngoja wiki moja kavu. Wakati wa kusi kali maji huvurugika mchanga. Hayo hayana ubaya, ila yaache yatulie usiku kucha kabla ya kuyachuja.

Chuja kwa kitambaa cheupe cha pamba kilichokunjwa mara nne, ambacho hakijafuliwa kwa sabuni ya manukato. Kisha chagua moja kati ya mawili: yatumie siku hiyo hiyo, au yafunike gizani wiki mbili hadi tatu, halafu uyapigishe pampu siku nzima kabla ya kuyatumia. Kosa la kawaida ni kuyaweka siku nne. Viumbe vidogo vilivyomo vinakuwa vimekufa na kuanza kuoza, na maji yananuka. Kila dumu lipime. Unataka 35, na tofauti ya nusu juu au chini haina neno.

Hapa kwetu kuna mashamba ya chumvi. Chumvi hiyo haitoki baharini? Naweza kuikoroga na maji?
*Msomaji wa Gongoni, Kilifi, na mwingine wa Bagamoyo*

Inatoka baharini, lakini haikubeba bahari yote. Maji yanapokauka kwenye majaruba, madini hayagandi kwa pamoja. Kalisi hutangulia, kwanza kama chokaa kisha kama jasi, na kubaki kwenye majaruba ya mwanzo. Chumvi ya kupikia huganda baadaye, na hiyo ndiyo inayokokotwa. Magnesi hubaki kwenye maji machungu ya mwisho ambayo humwagwa. Kwa hiyo gunia unalouziwa lina sodiamu na klorini karibu tupu. Ukiikoroga hadi rifraktomita isome 35, kifaa kitakuambia mambo ni mazuri, na matumbawe yatakufa. Yanataka kalisi karibu miligramu 420 kwa lita, magnesi karibu 1,300, na alkalini ya 8 hadi 9 kwa kipimo cha Kijerumani cha dKH.

Walio mbali na pwani watumie chumvi ya pakiti iliyotengenezwa kwa ajili ya matumbawe. Kadiria gramu 36 hadi 39 kwa lita, kutegemea aina, kisha sahihisha kwa rifraktomita. Mimina maji kwanza, halafu chumvi kidogo kidogo huku pampu ikizungusha. Ukitanguliza chumvi kwenye ndoo na kuimwagia maji kidogo, kalisi na alkalini hugongana na kuganda kuwa unga mweupe chini, na unga huo haurudi tena kwenye maji. Acha pampu ifanye kazi usiku kucha kabla ya kutumia.

Maji ya bomba yana dawa, ya kisima yana chumvichumvi. Nitumie maji ya betri? Au yale yanayodondoka kwenye kiyoyozi? Na ya mvua?
*Msomaji wa Dodoma*

Swali hili ni kubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu kila siku utajazia maji yaliyokauka. Yanayopaa ni maji matupu. Kila kilichomo ndani yake kinabaki tangini. Nitrati, fosfeti au shaba kidogo kwenye maji ya kujazia hujilimbikiza mwezi hadi mwezi.

Maji ya kiyoyozi ni mtego. Yanaonekana safi, lakini yamepita juu ya mabomba ya shaba na mapezi ya alumini, na shaba kidogo sana inatosha kuua kamba na konokono. Ya mvua yakipita juu ya mabati hubeba zinki. Yakikingwa kwenye beseni la plastiki uwanjani, mvua ikiwa imeshanyesha nusu saa na kuosha vumbi la hewani, yanafaa kwa dharura. Maji ya betri yasiyo na lebo usiyaguse kabisa: mara nyingine unachouziwa kwa jina hilo ni asidi. Ya chupa ya kunywa yana madini, na tofauti kati ya kampuni na kampuni ni kubwa.

Jibu la kudumu ni maji yaliyopita kwenye mtambo wa osmosi, unaoyasukuma kupitia utando mwembamba, na kisha kwenye resini ya kuondoa ayoni. Vituo vingi vya kujazia maji mitaani vina mtambo wa osmosi, lakini vingine hurudisha madini mwishoni ili maji yapate ladha. Nunua kile kipimo kidogo chenye umbo la kalamu kinachoonyesha madini yaliyoyeyuka. Kikisoma chini ya 10 yanakubalika, na sifuri ndiyo shabaha. Kituo kikikupa 60 au 80, tafuta kingine.

Nimeona mawe yenye uhai na matumbawe mazuri maji yakipwa. Nichukue kipande kidogo tu?
*Msomaji wa Tanga*

Hapana. Ndani ya hifadhi za bahari Tanzania, chini ya sheria ya 1994, na ndani ya zile za Kenya kama Malindi, Watamu na Kisite, hutoi kitu bila idhini. Nje ya hifadhi, kukusanya viumbe vya bahari kunasimamiwa na sheria za uvuvi: ya 2003 kwa Tanzania Bara na ya 2016 kwa Kenya, na Zanzibar ina yake. Nenda ofisi ya uvuvi ya wilaya uulize kabla, si baada. Matumbawe magumu yote yapo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, kwa hiyo hata kipande cha ukubwa wa kidole, kiwe hai au kikavu, hakivuki mpaka bila vibali.

Nje ya sheria kuna sababu nyingine ya wazi. Jiwe la mwambani linakuja na wakazi wake wote, na nusu yao hufa njiani. Ukilitia tangini siku hiyo, linaoza ndani ya lita 20. Likiwa zima, ndani anaweza kuwamo kamba anayepiga kwa ngumi au kaa mla nyama, naye atamaliza konokono wako usiku, mmoja mmoja. Anza na jiwe kavu, na vipande vya matumbawe vilivyokuzwa na wafugaji wengine au na muuzaji mwenye leseni.

Mchanga wa ufukweni pia uache. Sehemu kubwa ya fukwe zetu zilizo karibu na mito ni mchanga wa kawaida usio na kalisi. Ukitaka kujua ulichouziwa dukani ni nini hasa, mwagia siki: wa aragonaiti hutoa povu.

Nimejaza maji, maji ni meupe kabisa, muuzaji anasema niweke samaki kesho. Ningoje hadi lini?
*Msomaji wa Kitengela, Kenya*

Ngoja wiki tatu hadi sita, na kinachoamua ni kipimo. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa nitriti, jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, na bakteria hao hukaa juu ya mawe. Maji mapya hayana bakteria wa kutosha, yawe meupe kiasi gani.

Wape chakula. Weka kamba mbichi mmoja aliyemenywa ndani ya kifuko cha wavu, mtoe baada ya siku tatu au nne. Au tumia amonia safi isiyo na manukato wala sabuni, ukipandisha hadi miligramu 2 kwa lita. Chupa ya bakteria ikipatikana na haijapikwa na jua dukani, inafupisha safari. Taa izime wakati huu wote, maana mwani hauhitaji msaada wako. Tangi limeiva pale unapopandisha amonia hadi 2 na kesho yake, saa 24 baadaye, amonia na nitriti zote zinasoma sifuri. Badilisha nusu ya maji, washa taa, na uanze na konokono wawili. Wiki inayofuata weka tumbawe moja laini. Samaki aje mwezi mmoja baada ya hapo, kama yupo.

Kwa Kitengela na Nairobi kwa jumla, ongeza hita ya wati 25. Usiku wa Julai chumba hushuka vya kutosha kulifikisha tangi dogo digrii 18, na matumbawe yanataka 25 hadi 26. Hita hizi zikiharibika, mara nyingi hukwama zikiwa zimewaka. Ichomeke kupitia kidhibiti joto cha nje ili viwili vikubaliane kabla maji hayajapata moto, na usinunue ya wati 100 kwa kuwa ilikuwa kwenye ofa. Ile ya 25 ikikwama, una muda wa kugundua. Ya 100 itayapika.

Matumbawe yangu hufunguka vizuri asubuhi na kujikunja kila alasiri. Maji yamepimwa dukani, hayana tatizo.
*Msomaji wa Mbweni, Zanzibar*

Dukani yalipimwa saa ngapi, na chumvi ilisoma ngapi? Dalili za kila alasiri karibu kila mara ni joto, na joto huja na kukauka kwa maji. Pima mwenyewe saa 1 asubuhi, saa 6 mchana na saa 10 alasiri kwa siku mbili mfululizo.

Joto kwanza. Kaskazi ikivuma, kati ya Desemba na Machi, chumba cha pwani hufika digrii 31 au 32, taa na pampu huongeza yake, na tangi lisilo na feni linaweza kulala kwenye 30. Matumbawe mwambani huanza kupauka maji yakizidi kiwango chao cha kawaida cha msimu wa joto kwa digrii moja tu kwa wiki kadhaa. Ndivyo ilivyotokea pwani yetu yote 1998, na tena 2016. Ondoa kifuniko cha kioo, weka wavu, na elekeza feni ndogo ipulize juu ya uso wa maji kwa mshazari. Inashusha digrii 2 hadi 4, kidogo zaidi penye hewa kavu, pungufu penye unyevu kama Unguja. Taa iwake kuanzia saa 10 alasiri hadi saa 6 usiku, baada ya joto la mchana kupita. Matumbawe hayajui saa ya ukutani.

Sasa chumvi. Feni inapooza kwa kukausha maji, na tangi la lita 20 chini ya feni linaweza kupoteza lita nzima kwa siku. Hapo chumvi inatoka 35 hadi karibu 36.8. Usipojazia siku mbili, unakaribia 39. Kwenye chombo cha lita 10 kinachopoteza mililita 400 kwa siku, siku tatu za kusahau zinakufikisha karibu 40. Kwa hiyo piga mstari wa kalamu kwenye kioo, na kila asubuhi na jioni jazia hadi hapo kwa maji yasiyo na chumvi. Wengi wanaoanza hujazia maji ya bahari, wakidhani tangi la bahari linataka ya bahari, na chumvi inapanda kila wiki bila wao kujua.

Ukikuta 39, usiishushe kwa mpigo. Toa lita 1 ya tangi, weka lita 1 isiyo na chumvi, polepole ndani ya saa moja: utapata 37. Kesho yake rudia. Kukiwa na uwezo, nunua kijazio cha kujiendesha chenye kihisi na pampu ndogo. Chombo chake kiwe cha lita 3 hadi 5, kisizidi. Kihisi kikikwama na pampu ikamwaga dumu la lita 20, umebaki na tangi la maji yasiyo ya bahari wala ya mto.

Nataka samaki wawili wale wa rangi ya machungwa na mistari meupe, anemoni yao, na kangaja mmoja wa bluu. Tangi ni la lita 20.
*Msomaji wa Muscat, Oman*

Kangaja wa bluu hupita sentimita 20 na huogelea siku nzima akitafuna mwani. Ndani ya sentimita 30 atazunguka hadi augue. Wale wa machungwa wanahitaji lita 60 au zaidi. Anemoni ndiyo mbaya kuliko wote hapo: hutembea, hunaswa kwenye pampu, na aina ya *Heteractis magnifica*, wanayoipenda samaki hao, hupita upana wa nusu mita. Ikifa usiku, asubuhi kila kitu kimekufa nayo. Oman mnaye samaki wenu wa jamii hiyo asiyepatikana kwingine, *Amphiprion omanensis*. Mwangalieni baharini.

Lita 20 zinafaa samaki mmoja mdogo. Wa jenasi ya *Eviota* au *Trimma*, wenye sentimita 2 hadi 3, au *Gobiodon* mmoja, ambaye hukaa ametulia juu ya tawi akikutazama. Kuna pia wale wanaoishi na kamba bastola shimo moja, kamba akichimba na samaki akilinda. Ukimpata *Alpheus randalli* na mwenzake, tangi zima litakuwa lao, nawe hutachoka kutazama. Funika kwa wavu, wote hao huruka.

Ila tangi bila samaki ndilo tunalolipendekeza kwa anayeanza. Weka kamba wadogo *Thor amboinensis* wawili au watatu, wa sentimita 2, wanaotikisa mkia muda wote. Konokono watatu: mmoja *Trochus* wa kulamba kioo, wawili *Nassarius* wa kufukua mchanga. Matumbawe laini yafuate: *Discosoma* kwenye kivuli cha chini, *Zoanthus* katikati, *Briareum* la kijani kwenye jiwe lake peke yake lililotengwa na mchanga, kwa sababu hutambaa na kufunika majirani. *Xenia* nayo husambaa vivyo hivyo. Kila tumbawe lipe nafasi ya sentimita 5 hadi 8. Zile za jenasi ya *Euphyllia* hurefusha mikono ya kuuma usiku hadi zaidi ya sentimita 10, na katika tangi lako hiyo ni theluthi ya njia.

Kubandika, tumia supagluu ya jeli, tone moja kwenye jiwe lililofutwa. Taa ianze asilimia 30 hadi 40 na kupanda taratibu kwa wiki nne, saa 8 kwa siku. Kila mgeni azoeshwe kwa matone: mpira mwembamba uliofungwa fundo, matone mawili hadi manne kwa sekunde, hadi maji ya mfuko yaongezeke mara mbili. Maji ya mfuko yamwage chooni.

Chakula ni mara mbili au tatu kwa wiki, kiasi cha ncha ya kisu. Nyama ya kamba mbichi iliyosagwa laini na kusuuzwa inafaa. Uduvi mkavu wa sokoni hapana, umekaushwa na mchanga na chumvi nyingi.

Nimepewa tangi lililokuwa na samaki wa ziwani. Mwenye nalo alikuwa akiwatibu kwa dawa ya bluu.
*Msomaji wa Mwanza*

Kama dawa ilikuwa na shaba, achana nalo. Shaba huingia kwenye silikoni na mawe, kisha hutoka kidogo kidogo kwa miezi. Samaki watavumilia, kamba na matumbawe hawatavumilia. Kama hujui ni dawa gani, lifanye la samaki wa ziwani tena.

Umeme ukikatika kwa muda wa saa sita, nifanye nini? Na nikisafiri wiki mbili?
*Msomaji wa Mbagala, Dar es Salaam*

Kinachoua kwanza ni kukosa hewa. Maji ya bahari ya digrii 28 hushika oksijeni chache, miligramu 6 na kitu kwa lita, na maji yasiyotikisika hayapati nyingine. Weka pampu ya hewa ya USB ya wati 1 hadi 2 kwenye pawabenki ya 10,000 mAh: itapiga saa 15 hadi 20. Usilishe siku hiyo. Huna pampu? Chota kwa kikombe na umwage kutoka juu, mara 20 kila baada ya nusu saa.

Umeme ukirudi baada ya saa nyingi, usiwashe kichujio hivyo hivyo. Maji yaliyolala ndani yameishiwa oksijeni na kuoza. Yamwage, suuza pamba kwa maji ya tangi, ndipo uwashe. Chomoa taa hadi umeme utulie. Na kila waya uning'inie chini kabla ya kupanda kwenye soketi, ili tone linalofuata waya lidondoke sakafuni.

Wiki mbili bila mtu haziwezekani kwenye lita 20 bila kijazio cha kujiendesha. Ukiwa nacho, jirani awe na kazi moja tu, kujaza chombo chake. Chakula asipewe jukumu. Tangi lisilolishwa wiki mbili linaendelea; lililolishwa na jirani mwenye huruma halifiki siku ya tano.

Mchanga ulipata vumbi la kahawia, likaondoka, sasa kuna utando mwekundu wenye viputo.
*Msomaji wa Arusha*

La kahawia ni diatomu, mwani wa chembe moja, hula silika ya mchanga mpya na kuondoka zenyewe. Utando mwekundu ni sianobakteria, bakteria wanaoishi kwa mwanga kama mwani. Unyonye kwa mpira wa milimita 6 unapobadilisha maji, elekeza mkondo wa pampu pale ulipoota, punguza chakula nusu. Ukirudi, funika tangi kwa gunia jeusi siku tatu, hewa ikiendelea, kisha badilisha robo ya maji.

Angalia lakini, kama ni kahawia inayonata, yenye nyuzi na kiputo kwenye kila ncha, na vipimo vya nitrati na fosfeti vyote vinasoma sifuri, hiyo ni dinoflajelati, viumbe vingine vya chembe moja. Huota pale maji yalipokuwa safi kupita kiasi, na kuendelea kubadilisha maji kunaipa nguvu. Simamisha kubadilisha, ongeza chakula kidogo hadi nitrati isome 5 na fosfeti 0.05, na uwe unainyonya kupitia pamba, maji ukiyarudisha tangini.

Kuna anemoni ndogo za kahawia zinazoota kila mahali. Na je, naweza kuchemsha jiwe ili kuziua?
*Msomaji wa Kilifi*

Usichemshe jiwe lolote lililowahi kuwa na *Zoanthus* au *Palythoa*. Baadhi yao wana palitoksini, sumu kali mno, na mvuke wake umewahi kulaza watu hospitalini familia nzima. Ukikata matumbawe haya, vaa glavu na miwani, fanya kazi nje, na usiyasugue yakiwa makavu.

Hizo za kahawia ni *Aiptasia*. Ukizikwangua, kila kipande kinakuwa nyingine. Koroga hidroksidi ya kalisi safi, ile ya kutengenezea vyakula, na matone machache ya maji hadi iwe uji mzito. Zima pampu, na kwa sindano isiyo na ncha ifunike anemoni moja mdomoni. Ngoja dakika 15, kisha washa. Chokaa ya tambuu kimsingi ni kitu hicho hicho, lakini huwezi kujua imechanganywa na nini, na ya kupaka ukuta ndiyo isiyofaa kabisa. Usizidishe mbili kwa siku kwenye lita 20, pH hupanda haraka. Kamba wa *Lysmata wurdemanni* huzila pia, ingawa akishiba chakula chako atakuachia kazi hiyo uifanye mwenyewe.